Ungamo la Kuleta Maziwa

Kila ukoo una jambo linalojulikana na wote na lisilosemwa na yeyote. Kwetu, jambo hilo lilikuwa mama yangu. Nilipokuwa mtoto mchanga wa siku chache, alibebwa kwa machela hadi kanisani, akasimamishwa mbele ya watu huku wanawake wawili wamemshika kwapani, akakiri kwamba alilala na mwanaume mwingine wakati baba yangu yuko safarini. Hakuna aliyemfumania. Hakuna aliyemshitaki. Alikiri kwa sababu hakuwa na maziwa.

Lazima nieleze, maana aliyekulia kwingine atadhani nasimulia wazimu. Katika kijiji cha wazee wangu, juu huko kwenye milima ya Masisi, mwanamke ambaye uchungu wake umekwama, au ambaye mtoto ananyonya na hapati kitu, aliulizwa swali moja tu: ni nani? Wanawake wazee waliamini kwamba siri ya mwanaume wa nje huufunga mwili, na kwamba jina likitajwa, mwili hufunguka. Kanisa lilipofika halikuitupa desturi hiyo. Liliiwekea mabenchi tu, na wimbo wa kufungulia.

Mama alitaja jina la mfuga ng'ombe mmoja wa mlima mwingine, mtu aliyekuwa akipita kijijini kwetu mara kwa mara. Watu waliimba, walimwombea, wakamrudisha nyumbani, wakaniweka kifuani pake. Maziwa hayakuja. Dada yake baba, aliyekuwa ananyonyesha mtoto wake, alinichukua akanipa titi moja, na mwanawe akabaki na la pili. Yule mfuga ng'ombe aliambiwa asikanyage tena kijijini. Mama alirudishwa kwao kabla sijajua kutambaa, na baba akaoa mke mwingine.

Nililelewa upande wa baba. Baadaye vita viliwashusha watu wa milimani, nasi tukashuka Goma na magodoro kichwani kama wengine wote. Baba alipata kiwanja Kyeshero. Mimi nilijifunza kushona, nikapata cherehani, kisha chumba cha mbele cha kazi huko Birere, mtaa wa soko usiopitika kwa watu, na vyumba viwili vya mbao nyuma yake. Siku nilipokuwa na mlango wangu mwenyewe, nilikwenda kumchukua mama kwa kaka yake, nikamleta kwangu. Sikumuuliza lolote kuhusu lile ungamo. Kwetu mtoto hamuulizi mama yake jambo kama hilo, hata awe na mdomo mkali kama wangu, na wangu ni mkali, wateja wangu watakuambia.

Lakini sikuacha kuona. Siku ya kupokea mahari yangu, watu wa baba walimkalisha nyuma, karibu na waliokuwa wanapika, na mke mwenzie akakaa mbele kwenye kiti cha mama wa binti. Kila mara kanisani walipoalika watu kwenye Meza ya Bwana, mama alibaki kwenye benchi, mikono mapajani, akiangalia vidole vyake. Vikongwe wa kwetu wakipita dukani kwangu walimsalimu kwa ile sauti ya huruma ambayo ni tusi lililovaa kitambaa safi. Niliapa moyoni kwamba hatazikwa na jina lile. Sikujua ningelifuta kwa njia gani, maana alijipa mwenyewe, mbele ya watu, kwa mdomo wake.

Mama yangu alikuwa mtu wa baridi. Namaanisha baridi ya mwilini. Goma si mji wa joto kali, lakini saa sita mchana, jua likiwa limeyachoma yale mawe meusi ya uani hadi huwezi kuyakanyaga bila viatu, yeye alikuwa amevaa sweta, kikwembe cha kitenge juu ya sweta, na amekaa kando ya mbabula, jiko letu la makaa, kana kwamba ni saa kumi na moja ya asubuhi. Alizungumza taratibu, kwa sauti nzito kidogo. Ngozi yake ilikuwa kavu na imefifia, nyusi zilimwisha upande wa nje. Alilala mapema, aliamka amechoka. Ukimtuma chumvi, maji yanachemka na kukauka kabla hajarudi. Watu walimwita mvivu. Kwa kaka yake walimwita hivyo akiwa anasikia, naye alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Hakuzaa tena. Watu walisema hiyo nayo ni adhabu, naye hakubisha, kama asivyobisha chochote. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, alikuja kunikanda kwa maji ya moto. Siku ya tatu maziwa yalinishukia kwa nguvu hadi yakalowesha blauzi na shuka. Nilicheka, nikamwita aone. Aliangalia lile doa likipanuka, akatoka nje, akakaa muda mrefu huko. Aliporudi alinipa uji, akaniambia ninywe wote.

Mwaka huu wa karibuni aliugua tumbo, ugonjwa ambao nusu ya mtaa ilikuwa nao kwa sababu ya maji. Wengine walihara, wakanywa maji ya chumvi na sukari, wakapona. Mama hakupona. Alizidi kulegea, hadi asubuhi moja nikamwita haitiki, macho yako wazi nusu. Nilimpakia kwenye pikipiki, yeye katikati, dereva mbele na mimi nyuma nimemfunga kifuani pangu kwa kikwembe kama mtoto. Dereva alipiga honi njia nzima, na kwa mara ya kwanza Birere ilitupisha.

Hospitalini walimpima malaria, wakasema ipo kidogo. Wakapima sukari, wakakuta imeshuka mno. Walimwekea maji ya sukari kwenye mshipa, akafumbua macho, akanitambua. Baada ya saa chache akazama tena. Wakaweka tena, akaamka tena, akazama tena. Presha ya damu ilikuwa chini na haikutaka kupanda. Muuguzi mmoja aliniuliza kwa upole kama kuna mtu mwenye chuki na familia yetu. Nilijua anauliza kuhusu sumu, maana hapa kwetu ugonjwa usioeleweka una jibu lililo tayari. Nilimwambia kwamba chuki ipo ya kutosha, lakini hakuna aliyejali mama yangu kiasi cha kupoteza sumu juu yake.

Daktari aliyekuja kesho yake alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye mwendo wa mtu anayeumwa magoti. Hakuanza na tumbo. Alimshika mama mkono, akaugeuza, akaangalia ngozi ya kiganja. Akaangalia nyusi. Akamwomba ainue mkono aone kwapa. Kisha akavuta kiti akakaa, jambo ambalo madaktari hawalifanyi mara nyingi.

"Mama, mutoto wako wa mwisho ulimunyonyesha mupaka wakati gani?"

"Niko na moja tu, njo huyu," mama alisema akinionyesha kwa kidevu. "Sikumunyonyesha."

"Juu ya nini?"

"Maziwa ilikataa." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Dokta, banasema ni juu ya zambi."

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Daktari hakuuliza dhambi gani.

"Na damu, mama? Siku ya kuzala, damu ilitoka mingi?"

Mama alifikiri. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Wote waliuliza jina, hakuna aliyeuliza damu.

"Ilipita ku mukeka," alisema. "Ikapita ku majani balitandika chini, ikaingia mu udongo. Nilikuwa nasikia bantu banaongea mbali, sawa bako ngambo ya muto. Kisha sikusikia tena."

"Na tangu pale, uliona tena ya mwezi?"

"Ata siku moja."

Daktari alitikisa kichwa polepole, akamwita muuguzi, akaagiza sindano. Alisema damu itachukuliwa kwanza ipelekwe kupimwa nje ya mji, na majibu yatachelewa, lakini hatangoja majibu kwa sababu mgonjwa naye hatangoja. Sindano iliingia mchana. Jioni presha ya damu ilikuwa imepanda. Asubuhi mama alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta, anauliza kama hakuna mtu aliyeleta ugali. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama yangu akisema ana njaa.

Siku ile daktari alirudi akatueleza, sisi wawili, kwa Kiswahili cha kawaida. Aliweka kidole katikati ya nyusi zake.

"Hapa ndani, chini ya ubongo, kuko tezi moja. Ni kidogo, sawa haragi. Lakini ile haragi njo inaamuru zingine."

Neno homoni nilikuwa nimelisikia redioni tu, na kila mara lilitumika kueleza hasira za wanawake. Daktari alinifundisha upya. Tezi, alisema, ni kiungo kinachotengeneza homoni na kuziachilia ndani ya damu. Damu huzizungusha mwili mzima, zinapita kila mahali, lakini kila homoni husikiwa na kiungo kinachoijua tu, na vingine huiacha ipite. Iko tezi shingoni ambayo homoni yake hupasha mwili joto na kuuendesha. Ikipungua, mtu anapoa, anakuwa mzito, ngozi inakauka, hata mawazo yanakwenda kwa miguu. Ziko tezi mbili zimekaa juu ya figo. Homoni yao husaidia kuweka sukari na presha ya damu sawa, na mtu akiugua huongezeka ili mwili ustahimili. Iko mifuko ya mayai ya mwanamke, inayoleta mwezi na kumwandaa kwa mimba. Lakini hizi zote haziamki zenyewe. Ile ndogo kama haragwe iliyo chini ya ubongo hutuma homoni zake kuziamsha, kila siku, maisha yote. Na mbali na kuamsha wenzake ina kazi yake yenyewe: ndiyo inayotoa homoni ya kutengeneza maziwa.

"Sasa," alisema, "mwanamuke akiwa na mimba, ile tezi inakomea, inakuwa munene, juu inatayarisha maziwa. Inataka damu mingi kuliko siku zingine. Na siku ile ile ya kuzala, kama damu inamwangika sana, ile tezi njo inakosa ya kwanza. Inakufa. Yako, mama, haikufa yote. Kulibakia kidogo. Ile kidogo njo imekubeba mupaka leo."

Mama alikuwa anamsikiliza kwa makini, mdomo wazi kidogo. Daktari aliendelea. Tezi ya shingoni ilikuwa nzima, za juu ya figo zilikuwa nzima, hata mifuko ya mayai haikuwa na kosa. Zilikosa tu wa kuziamsha, zikalala. Miaka yote hiyo mama aliishi kwa kilichobaki, na kilitosha kwa siku za kawaida. Ugonjwa wa tumbo ulipokuja, mwili ukaomba nguvu za ziada, hazikuwepo. Ndiyo maana jirani alihara akapona na yeye akakaribia kufa. Angepewa vidonge vya kufanya kazi ya tezi za figo kwanza, na baada ya siku kadhaa vya tezi ya shingoni, kwa mpangilio huo na si kinyume, maana kuupasha joto mwili ambao bado hauna nguvu kunaweza kuuua. Angevimeza hadi mwisho wa maisha. Akipata homa, aongeze kama atakavyoelekezwa. Asiviache hata siku moja, hata mtu wa Mungu amwambie amepona.

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye korido, nikalia kwa hasira. Majina yote waliyompa mama yangu nilikuwa nayakumbuka, na sasa kila moja lilikuwa na mahali pake mwilini. Mvivu ilikuwa shingoni. Tasa ilikuwa tumboni. Yule anayejilegeza kila akipata homa alikuwa juu ya figo. Na mzinzi, jina kubwa kuliko yote, lilikuwa tezi ndogo isiyopata damu siku mama alipokuwa ananitoa mimi duniani. Hakuna hata moja lililokuwa tabia yake. Nililia hadi mwanamke aliyekuwa anapiga deki akaniuliza kama mgonjwa wangu amefariki. Nikamwambia hapana, amepona.

Majibu ya damu yalirudi, yakasema alichosema daktari. Vidonge tulipata, ingawa vya tezi za figo hukosekana na mara nyingine tunavitafuta hadi ng'ambo ya mpaka, Gisenyi. Mama alianza kubadilika mbele ya macho yangu. Siku moja ya jua nilimkuta uani amevua sweta. Alikuwa ameishika mkononi na kuiangalia, kama mtu aliyeokota nguo ya mwingine njiani. Sauti yake ilichangamka. Alianza kunisahihisha mishono, na kusema kweli hilo lilinichosha haraka.

Nilikuwa mtu wa furaha isiyo na breki. Jumapili moja kabla ya ibada nilimwambia sasa anaweza kwenda kwenye Meza ya Bwana, maana dhambi yenyewe haikuwepo, ilikuwa damu tu.

"Siwezi," alisema.

"Mama, dokta ameeleza. Haikuwa zambi."

Alikaa kwenye stuli yake, akajifunga kikwembe upya bila haja.

"Mimi sikulalaka na mutu," alisema. "Ata siku moja, ni baba yako tu. Lakini nilisimama mbele ya Mungu, nikasema nililala. Nikamutia mutu wa bure mu kinywa ya bantu. Ile njo zambi yangu, na dawa yake haiko mu lopitali."

Nilikuwa nimeshakisia, nadhani. Lakini kulisikia ni jambo jingine. Nilimuuliza basi alisema kwa nini.

"Ulikuwa unalia," alisema. "Kisha ukaacha kulia. Pale uliacha, njo niliogopa. Nikasema, kama banataka jina, bakuwe nayo."

Nilivaa viatu nikaenda kanisani peke yangu, na baada ya ibada sikurudi nyumbani. Nilikwenda Kyeshero kwa baba. Nilijiambia kwamba mtu mmoja tu anaweza kulifuta jina lile mbele ya ukoo, naye ni yule aliyemfukuza. Akisema yeye, wote watanyamaza. Ningemweleza kama nilivyoelezwa, angeelewa, angewaita ndugu zake, angesema.

Baba alikuwa amekaa kivulini kando ya nyumba, redio mapajani, imezimwa. Amezeeka, miguu inavimba, lakini kichwa chake ni kizima. Mke wake alikuwa uani anachagua maharagwe kwenye ungo. Alinikaribisha, akatuachia nafasi, kwa sababu ni mtu mwenye adabu na mimi sina ugomvi naye. Nilichukua haragwe moja kwenye ungo wake, nikaliweka kwenye kiganja cha baba, nikaanza. Nilimweleza tezi, homoni, damu, maziwa, yote, hadi vidonge. Nilisema vizuri, hata mimi nilijistaajabia. Nilimaliza kwa kumwambia kwamba mama hakuwahi kumkosea, na kwamba lile ungamo alilisema ili mimi nisife.

Baba aliliviringisha lile haragwe kwa kidole gumba.

"Mama," alisema, maana ndivyo wababa wa kwetu wanavyowaita binti zao, "mimi nilijuaka."

"Ulijuaka nini, papa?"

"Ule mutu alitaja, nilikuwaka na yeye. Safari ile yote. Tulikutana Sake, yeye na ngombe zake, tukaenda wote mupaka Rutshuru, tukarudi wote. Tulikula ku sahani moja, tulilala fasi moja. Kule kijijini hawakujua, juu yeye alitokea ku mulima yake. Hakuwezaka kuwa fasi mbili."

Nilimuuliza mbona hakusema. Nilisikia sauti yangu ikipanda, nikaiacha ipande.

"Bamama balisema mutoto anakufa kama hakiri. Nikafikiri, kama nasema ni uongo, maziwa itafunga, na wewe utakufa mu mikono yangu. Nikanyamaza juu yako."

"Sawa, papa. Na kisha? Maziwa ilipokataa, ulinyamaza juu ya nani?"

Uani ungo ulikuwa umenyamaza.

"Mama yangu alikuwa amekwisha kuongea na wazazi ya muke mwengine," alisema mwishoni. "Na siku zikapita. Neno hausemi siku yake, kesho yake inakuwa mzito. Kesho kutwa hauiwezi tena."

Nilimwambia aiweze leo. Nilimwambia awaite ndugu zake waliobaki hai, aseme mbele yao alichoniambia mimi. Alitazama miguu yake iliyovimba, akasema atafikiri. Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hakulizoea.

"Usimuambie yeye kama nilijuaka. Ataumia bure. Yeye anafikiri sikujua, aache afikiri vile."

Niliondoka bila kuomba ruhusa, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na sikujuta. Njiani kurudi nilijaribu kufikiri kama mtu mwenye busara. Mama alikuwa amepata joto baada ya maisha mazima ya baridi. Alikuwa amejifunza kuona njaa na kucheka kidogo. Je, nimpelekee habari kwamba mtu aliyemfukuza alijua yeye hana kosa? Niliona baba, pamoja na woga wake wote, huenda amesema jambo moja la kweli, kwamba kuna maumivu ya bure. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeamua kunyamaza.

Mama alikuwa anapiga pasi ya makaa mashati ya shule niliyokuwa nimeshona wiki ile. Zamani hakuweza kuinua pasi ile zaidi ya mara chache. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

"Baba yako alisema nini?"

Mimi nina jibu kwa kila mtu. Wateja, madiakoni, askari wa njiani, wote nimewajibu. Kwa mama yangu, siku ile, sikupata neno la uongo lililo na ukubwa wa kutosha.

"Alisema alijuaka," nilisema. "Alisema alikuwaka na ule mutu safari yote."

Pasi haikusimama. Alimaliza mkono wa shati, akaugeuza.

"Sasa unafikiri nilimutaja ule juu ya nini? Nilikuwa naweza kutaja mutu yeyote. Nilitaja ule juu baba yako aliniambia, siku alirudia, kama balitembea wote." Alipuliza majivu kwenye tundu la pasi. "Nilisema mu roho yangu: bamama batapata jina yao, maziwa itafunguka, mutoto atapona. Na bwana yangu atasimama, aseme, hapana, huyu nilikuwa na yeye mimi mwenyewe. Na mimi nitapona."

Alilaza kola ya shati kwa kidole, akaipitishia pasi polepole, upande mmoja kisha wa pili.

"Alikuwa amekaa ku benchi ya mbele. Nilimuangalia mupaka ibada ikaisha."